UZI: SACCOS kutoka daftari na Excel kwenda kwenye mfumo. Kinachokwamisha ni masalio, siyo kompyuta

Leja Kuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa vyama vya akiba na mikopo ambavyo bado viko kwenye kadi, daftari au Excel, na bodi imeshapitisha kununua mfumo wa kompyuta. Sitaki tubishane mfumo upi ni bora. Mingi iliyopo sokoni inaweza kupokea akiba, kukokotoa riba na kutoa urari (orodha ya masalio ya akaunti zote, inayoonyesha kama hesabu zinalingana). Chama kinachoshindwa hushindwa mapema zaidi: masalio yaliyoingizwa hayakuwa sahihi, mwanachama anakuja dirishani anakuta akiba yake imepungua, keshia hana jibu, analifungua daftari la zamani ili amtulize. Kuanzia siku hiyo daftari ndilo linaloaminiwa, na mfumo unabaki wa kumchapia mkaguzi ripoti.

Kwa hiyo kabla mtoa huduma hajaja na seva wala mafunzo, mhasibu afunge hesabu hadi tarehe moja. Achukue akiba ya kila mwanachama, ajumlishe, kisha alinganishe na akaunti ya akiba kwenye leja kuu (kitabu kikuu cha hesabu zote za chama). Afanye hivyo kwa hisa, kwa amana, na kwa kila aina ya mkopo peke yake. Mara nyingi hazitalingana, na sababu zinajirudia chama hadi chama:

- makato ya mwajiri yameingia benki kwa mkupuo, orodha ya majina ikachelewa, yakagawanywa kwa kutumia orodha ya mwezi uliopita;
- mwanachama alijitoa na akalipwa, kadi yake haikufungwa;
- mkopo mpya umefuta mkopo wa zamani, lakini wa zamani bado unaonekana hai kwenye kadi;
- stakabadhi imeandikwa kwenye kadi ya mwanachama na haikufika kwenye leja.

Tofauti hizo zitafutwe moja moja. Mtoa huduma atawaambia "tuiweke kwenye akaunti ya muda, tutairekebisha baadaye". Msikubali kirahisi. Ikibidi kabisa, kiasi hicho kiwe na orodha ya vinavyokiunda, muhtasari wa bodi unaokiidhinisha, na tarehe ya kukimaliza. Akaunti ya muda isiyo na tarehe huishi miaka, na mkaguzi ataikuta hapo kila anapokuja.

Hatua ambayo vyama vingi vinairuka ni kumpa kila mwanachama karatasi ya salio lake, hisa, akiba na deni, aisome na kuisaini kabla ya kuhama. Kwa chama chenye wanachama elfu mbili kazi hii inaweza kuchukua wiki kadhaa, na ni wiki zenye faida kuliko zote. Makosa yatajitokeza wakati bado kuna nafasi ya kutafuta vocha. Na mikopo hewa, yaani iliyoandikwa bila mkopaji wa kweli, kama ipo, hukosa mtu wa kuisaini. Kwa sababu hiyo anayepinga mfumo kwa nguvu si lazima awe anaogopa kompyuta. Kamati ya usimamizi, inayokagua uendeshaji wa chama kwa niaba ya wanachama, ilitazame hilo kwa utulivu, bila kumtuhumu mtu kabla ya ushahidi.

---

Tawi la Pili

Mkuu Leja Kuu, shukrani. Swali kwenye mikopo. Masharti yetu yanasema riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, basi. Mtoa huduma anauliza ni ya aina gani, na wajumbe wa bodi kila mmoja ana jibu lake. Je, hili lina uzito kiasi hicho?

---

Leja Kuu

Lina uzito mkubwa sana, ndugu yangu. Chukua mkopo wa shilingi 3,600,000 kwa miezi 12, riba hiyo hiyo ya asilimia 1.5.

Riba ikihesabiwa kwenye mkopo wa awali mwezi hadi mwezi, mwanachama analipa 300,000 ya mkopo na 54,000 ya riba, jumla 354,000. Riba ya mwaka mzima ni 648,000.

Riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, huku mkopo ukikatwa 300,000 kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 54,000, wa pili 49,500, na inashuka hivyo hadi 4,500. Jumla ni 351,000.

Riba ikiwa ya salio linalopungua lakini rejesho ni sawa kila mwezi, analipa kama 330,048. Riba yote inakaribia 360,600.

Maneno ni yale yale kwenye masharti, ila kati ya njia ya kwanza na ya pili kuna karibu shilingi laki tatu kwa mkopo mmoja. Sasa tazama kinachotokea fundi akichagua njia ya tatu wakati karani wenu amekuwa akitumia ya kwanza. Mwanachama ameshalipa marejesho matano. Daftari linasema amebakiza 2,100,000, mfumo unasema 2,177,700 hivi. Mwanachama anaona ameibiwa 77,000, na hamtakuwa na la kumwambia.

Bodi ikae, iandike njia kwa mfano wa tarakimu kama huu, na karatasi hiyo iwe kiambatisho cha mkataba. Waandike pia fedha pungufu ikiletwa inakata nini kwanza: faini, riba, au mkopo wenyewe. Na kama mkopo umetolewa tarehe 20, rejesho la kwanza linadaiwa lini? Mambo haya karani anayo kichwani, hayapo kwenye karatasi yoyote. Mfumo haubahatishi, utafuata ulichowekewa.

Wakati wa kuhamisha, kwa mikopo inayoendelea peleka vitu vitatu vikiwa vimetenganishwa: mkopo uliobaki, riba iliyoiva haijalipwa, na faini. Halafu ratiba ijengwe kwa miezi iliyobaki. Ukipeleka deni kama namba moja, mfumo utatoza riba juu ya riba.

---

Fundi wa Kariakoo

Naongeza upande wa mafaili, maana hapa ndipo data safi ya mhasibu inapoharibikia.

Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania) ina tarakimu 20. Ukiiandika bila vistari kwenye seli ya kawaida, tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi hata ukibadilisha muundo wa seli baadaye. Safu hiyo iwekwe kuwa maandishi KABLA ya kuandika au kubandika chochote. Ukikuta faili ambalo NIDA zote zinaishia 00000, hakuna fomula ya kuziokoa, rudini kwenye nakala za vitambulisho.

Namba za simu hupoteza sifuri ya mbele. Ziandikeni zote kwa kuanza na 255, bila alama wala nafasi.

Tarehe ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma 03/04/2024 kama tarehe 4 Machi, nyingine inasoma 3 Aprili. Siku zinazozidi 12 zitagoma na utaziona, ila 12 za kwanza za kila mwezi zinapita kimya zikiwa zimepinduliwa. Andikeni mwaka kwanza: 2024-04-03.

Majina: Ally, Ali, Aly ni mtu mmoja au watatu? Usiunganishe kwa jina. Unganisha kwa namba ya uanachama, kisha hakiki kwa NIDA na simu. Mwenye kadi mbili aitwe, asaini ipi inafungwa.

Na msitumie muundo wa zamani wa faili la .xls. Unaishia mistari 65,536. Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilichelewa kuripoti wagonjwa 15,841 wa Uviko kwa sababu mafaili ya muundo huo yalijaa na mistari iliyozidi ikaachwa nje bila onyo. Mkihamisha miamala ya miaka kadhaa ya chama kikubwa, idadi hiyo inafikiwa.

Baada ya kuingiza, kazi ya kwanza ni kuhesabu: mistari mingapi ilitoka, mingapi imeingia, jumla ya fedha kila safu kabla na baada. Msipite kwenye hatua nyingine hadi vyote viwe sawa hadi senti.

---

Mama Urari

Fundi na Leja Kuu, Mungu awabariki. Niulize la muda: tuendeshe vyote viwili, mfumo na daftari, kwa muda gani? Wapo wanaosema miezi sita ili tuwe salama.

---

Leja Kuu

Dada, miezi sita itaua zoezi. Wafanyakazi watakuwa wanaandika kila kitu mara mbili, watachoka, na wakichoka wataacha kile wasichokizoea. Maoni yangu ni kufunga miezi miwili tu kwa njia zote mbili. Mwezi wa kwanza mtakuta tofauti, mtazitafutia sababu na kuzirekebisha. Mwezi wa pili ukifungwa bila tofauti isiyo na maelezo, daftari linafungwa, linasainiwa na mwenyekiti na meneja, linakwenda kabatini. Faili la Excel linabaki la kusoma tu.

Katika miezi hiyo ulinganisho uwe wa kila siku kwa fedha taslimu na wa kila wiki kwa masalio. Wengine wanasubiri mwisho wa mwezi, halafu wanakuta tofauti moja kubwa iliyozaliwa na makosa madogo arobaini.

---

Fundi wa Kariakoo

Hapo natofautiana kidogo na mkuu. Kama chama kina makato ya mishahara kutoka kwa waajiri watano au zaidi, miwili ni michache, kwa sababu mwajiri mmoja akichelewesha orodha unajikuta hujaupima mwezi kamili. Mitatu ni salama. Zaidi ya hapo naungana nawe.

---

Leja Kuu

Sawa Fundi, kwa waajiri wengi nakubali mitatu.

Tarehe ya kuhamia nayo ina uzito. 31 Desemba inavutia kwa sababu mwaka wa hesabu unafungwa, lakini ndipo mhasibu ana mahesabu ya mwaka na gawio mezani, na Januari foleni ya mikopo ya ada za shule inajaa ukumbi. Mwisho wa mwezi mtulivu wa katikati ya mwaka, makato yakiwa yameshagawanywa, unafaa zaidi kwa vyama vingi.

---

mwangaza_Eldoret

Hamjambo ndugu zangu wa upande wa pili. Huku Kenya tunaita tu sacco ila shida ni zile zile.

Naleta mfano wa sekta nyingine unaofundisha jambo hili vizuri. Kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, kilianza kutumia rekodi za wagonjwa za kompyuta mwaka 2001. Ilikuwa programu ndogo ya Microsoft Access. Hawakumkalisha daktari mbele ya skrini. Walitengeneza kwanza fomu moja ya karatasi ambayo mgonjwa alitembea nayo kutoka dirisha hadi dirisha, na karani akaingiza yaliyomo. Utaratibu wa kazi ulinyooshwa kwenye karatasi, kompyuta ikaupokea. Uzoefu huo ulikuzwa na mpango wa afya wa AMPATH, na kuanzia 2004 ukachangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo sasa inatumika nchi nyingi.

Kwa sacco maana yake ni hii: fomu ya maombi ya mkopo irekebishwe kwanza. Kama fomu yenu haina nafasi ya namba ya kitambulisho cha mdhamini, na mfumo unaidai, afisa mikopo ataandika sifuri ili apite. Chukueni skrini za mfumo, wekeni kando ya fomu zenu, hakikisheni kila kinachodaiwa na skrini kinakusanywa na fomu, kwa mpangilio uleule.

Na msihame vyote kwa wikendi moja kama mnaweza kuepuka. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake zaidi ya milioni tano kwa mpigo mmoja Aprili 2018. Karibu milioni 1.9 walikwama kuingia kwenye akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Anzeni na tawi moja. Kama hamna matawi, anzeni na akiba na hisa peke yake, mikopo ifuate mwezi unaofuata.

Halafu mafunzo. Mafunzo ya siku mbili hotelini, yakifanyika mwezi mzima kabla ya kuanza, ni fedha iliyopotea, kwani mtu husahau asichokigusa. Yafanyike ndani ya wiki moja au mbili kabla ya kuanza, ofisini, kwenye nakala ya majaribio yenye data yenu halisi. Kila mtu afanye kazi zake mwenyewe bila kusaidiwa. Keshia apokee fedha, atoe fedha, afunge siku, na zaidi ya yote AFUTE muamala aliokosea kwa njia sahihi. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika sana, na asiyekijua akikosea huanza kuficha.

Msaidizi wa wenzake asiwe lazima kijana wa kompyuta. Mtafuteni yule ambaye wenzake humwendea hata leo wakikwama na daftari. Mpunguzieni kazi zake kwa kipindi hicho, kwa barua.

---

Kamati ya Usimamizi 2

Naomba nizungumzie haki za kuingia, maana hapa ndipo pesa hupotelea baada ya mfumo kukaa vizuri.

Kila mtu na jina lake na nenosiri lake. Keshia akienda likizo, jina lake lifungwe hadi arudi. Anayeingiza mkopo asiwe anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe anayetoa fedha. Chama kikiwa na wafanyakazi watatu tu, mtu wa tatu wa kuidhinisha anaweza kuwa meneja au mjumbe wa kamati ya mikopo kwa simu yake. Msimamizi wa mfumo, mwenye uwezo wa kufungua majina na kubadili vigezo, asiwe na haki ya kuingiza muamala hata mmoja.

Kamati yetu iombe ripoti tatu kila mwezi: miamala iliyofutwa, miamala iliyorudishwa tarehe nyuma, na mikopo iliyopangwa upya. Wizi wa ndani unaopitia kwenye mfumo mara nyingi huacha alama kwenye mojawapo.

Tusisahau sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Chama kinachokusanya NIDA, picha na mishahara ya watu kinahusika. Kutuma faili la wanachama wote kwa fundi kupitia WhatsApp ni jambo la kukomesha leo.

---

Tawi la Pili

Na malipo ya simu? Wanachama wanataka kulipa kwa lipa namba na waone salio papo hapo.

---

Fundi wa Kariakoo

Acha hilo liwe hatua ya mwisho, baada ya miezi mitatu ya utulivu. Likija, dai haya.

Kila muamala wa simu una namba yake ya kumbukumbu. Mfumo ukatae kuipokea namba hiyo mara ya pili. Mtandao ukiyumba, kampuni ya simu hurudia kutuma taarifa ya malipo yale yale. Mfumo usio na kizuizi hicho utamwandikia mwanachama 100,000 mara mbili, na kumrudisha nyuma baadaye ni ugomvi.

Watu watakosea namba ya uanachama. Fedha zisizo na mwenyewe ziingie akaunti moja maalumu, na mtu mmoja aitwe kwa jina kuwa ndiye anayeimaliza kila siku. Kila asubuhi taarifa ya kampuni ya simu ya jana ilinganishwe na mfumo, kwa idadi na kwa jumla. Angalieni malipo ya usiku wa mwisho wa mwezi: ya saa tano na dakika 58 usiku yanaweza kuandikwa siku inayofuata, na mwanachama akatozwa faini asiyostahili.

Umeme na mtandao: watu wananunua UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya kompyuta wanasahau rauta, kile kifaa cha mtandao. Rauta inakula umeme kidogo, UPS ndogo inaiweka hewani muda mrefu. Muwe na njia mbili za mtandao kutoka kampuni mbili tofauti. Na keshia awe na kitabu cha stakabadhi zenye namba kwa ajili ya saa ambazo vyote vimekatika, ziingizwe siku hiyo hiyo, mtu wa pili azihakiki.

Bakapu: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya jengo. Ila nakala ambayo haijawahi kurejeshwa msiihesabu. Kila mwezi irejesheni kwenye kompyuta nyingine, toeni urari, ulingane na wa siku ile ya nakala.

---

Mama Urari

Mtoa huduma wetu ametuletea mkataba wa kurasa mbili. Tuangalie nini?

---

Kamati ya Usimamizi 2

Dada, kurasa mbili hazitoshi. Malipo yafuate kazi iliyopokelewa kwa saini, siyo tarehe za kalenda. Mgawanyo unaofaa: asilimia 20 kwa kusaini, 30 data ikishaingia na jumla kulingana, 30 mwezi wa kwanza ukifungwa, 20 mwezi wa mwisho wa majaribio ukifungwa bila tofauti. Akitaka asilimia 80 mbele, hamtakuwa na cha kumrudisha ofisini.

Kiandikwe kwamba data ni mali ya chama, na mnaweza kuichukua yote wakati wowote, kwa muundo unaofunguka kwenye programu nyingine, bila ada. Jaribuni haki hiyo mapema, kabla ya malipo ya mwisho. Yaandikwe pia muda wa kujibu tatizo linalosimamisha kazi, bei ya kila mtumiaji anayeongezwa, gharama ya SMS, na ada ya mwaka itapandaje.

Na zuieni bodi yenu. Mwezi wa kwanza kila mjumbe atataka ripoti yake na kitufe chake. Mabadiliko yasiyo ya sheria wala ya kosa yaandikwe kwenye orodha na yasubiri miezi sita. Mengi yatakuwa yamejifuta.

---

Tawi la Pili

La mwisho kwangu: mwanachama akija baada ya kuhama akasema salio si lake, japo alisaini karatasi, tufanyeje?

---

Leja Kuu

Apokelewe kwa heshima na lalamiko liandikwe kwenye daftari lake maalumu: tarehe, namba ya uanachama, kiasi anachodai, ushahidi alioleta. Mhasibu, siyo keshia, alitafute kwenye vocha na stakabadhi, na ajibiwe ndani ya siku mbili za kazi, hata kama jibu ni kwamba bado tunatafuta.

Akiwa na haki, marekebisho yaingie kama muamala mpya wenye maelezo, namba ya vocha na idhini ya mtu wa pili. Fundi asiguse salio moja kwa moja kwenye hifadhidata, hata mkimwomba, hata iwe shilingi mia. Salio lililobadilishwa bila muamala halina historia, na mwezi ukifungwa jumla ya wanachama itaachana tena na leja kuu bila mtu kujua ilianzia wapi. Kila Ijumaa mhasibu alisome daftari hilo la malalamiko lote. Yakitoka kwa mwajiri mmoja au tawi moja, rudini kwenye orodha ya makato ya hapo mwezi ule wa kuhama, kwa sababu yanayofanana namna hiyo kwa kawaida yana chanzo kimoja.